Tumbo la Ndege

Kila modeli ya ndege ya kivita ina upande mmoja ambao aliyeijenga hapendi uukague sana. Ni tumbo. Huko ndiko mistari ya gundi hukutana, ndiko rangi hupigwa haraka haraka usiku wa mwisho, ndiko stika iliyokataa kulala hufichwa. Na wala si uvivu, ni hesabu tu. Ndege ikishamalizika inasimama kwa magurudumu yake juu ya rafu, nasi tunaitazama kutoka juu, kidogo kwa pembeni. Nani atalala sakafuni aangalie chini yake?

Hebu tulichukue swali hilo kwa uzito kuliko linavyoulizwa. Mimi hujenga hizi vitu kwenye meza ya kulia chakula hapa Nairobi, na pia huhakiki sanaa za watu wengine, kwa hivyo sioni sababu ya hii moja kupita bila kuguswa. Tunahakiki riwaya, tunahakiki filamu, hata michoro ya matatu tunaihakiki. Modeli za vifaru na ndege za kivita zina mafundi wake wakubwa, zina mitindo yake na ubishi wake. Zina pia dai: zinadai kuonyesha vita vilivyotokea kweli. Sanaa yenye dai kama hilo lazima iulizwe imesimama wapi ikitazama. Jibu langu ni kwamba hii imesimama, karibu kila mara, upande wa aliye juu.

Kwa yule ambaye hajawahi kufungua boksi la aina hii, kazi inakwenda hivi. Ndani kuna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu. Unavikata, unavipiga msasa, unavigundisha, unapaka rangi, unabandika stika zilizoloweshwa majini, unachakaza, halafu unapiga picha. Kila kitu kinaenda kwa skeli. Skeli ya 1/72 ina maana kila sentimita moja ya plastiki ni sentimita 72 za kitu halisi, kwa hivyo mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimita mbili na nusu hivi. Kwenye 1/35, skeli ya vifaru, anafika sentimita tano.

Hiyo 1/35 yenyewe ina hadithi ya kuchekesha. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilikuwa kinatembea kwa mota, na ukubwa wake ulichaguliwa ili betri mbili ziingie ndani. Baadaye wakapima, wakakuta ni kama sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi, wakaendelea hivyo hivyo na vifaru vingine, na makampuni mengine yakafuata. Yaani kipimo ambacho leo watu wanakigombania hadi nusu milimita kilianzia kwa nafasi ya betri. Naipenda hadithi hii kwa sababu inatukumbusha kwamba usahihi wetu ni makubaliano. Kuna tuliyochagua kuyapima, na kuna tuliyochagua kuyaacha.

Tulichochagua kukipima kuliko kingine chochote ni uchakavu. Tembea Kirinyaga Road, kule ambako wazee bado wanaita Grogan, uone mafundi wa magari wanavyopigana na kutu: msasa, praima, rangi, tena msasa. Sasa fikiria kuna watu wazima wanaonunua kutu ikiwa kwenye chupa. Mbinu moja maarufu hutumia spreyi ya nywele, ile ile ya saluni. Unapaka rangi ya kutu kwanza, unapuliza spreyi ya nywele juu yake, unafunika kwa rangi ya jeshi, halafu unalowesha kwa maji na kukwaruza polepole kwa brashi hadi kutu ichungulie. François Verlinden wa Ubelgiji aliwafundisha wengi kutumia brashi kavu na rangi nyepesi za kuingia kwenye nyufa, miaka ya 1970 na 1980. Baadaye Mhispania Mig Jiménez na wenzake wakafanya vumbi, matope na kutu kuwa fani kamili.

Ikifanywa vizuri, hii kazi ni nzuri kweli. Kwenye kifaru kilichochakazwa na fundi unaweza kusoma maisha: hapa ndipo viatu vya wanajeshi vilikanyaga wakipanda, hapa mafuta yalimwagika mtu akijaza tangi, hapa mfuniko ulifunguliwa na kufungwa mara elfu. Ni wasifu wa mashine, ulioandikwa kwa brashi isiyo na nywele zaidi ya kumi. Nimewahi kukaa saa nzima na picha moja ya magurudumu yenye tope lililokauka.

Lakini soma wasifu huo hadi mwisho. Mashine imechomwa na jua, imenyeshewa, imegongwa, imechoka, nasi tunaihurumia. Kwenye chuma chote hicho hakuna mahali panaposema iliwafanyia nini watu wengine. Mdomo wa mzinga umepakwa masizi, na masizi hayo yanahesabiwa kama uhalisia. Kule risasi ilikokwenda hakuna rangi yake dukani.

Boksi lenyewe lilianza kutufunza hivyo. Mchukue Roy Cross, mchoraji Mwingereza aliyeanza kuichorea kampuni ya Airfix mwaka 1964, akachora kwa miaka kumi hivi, na ambaye kwa wengi bado ndiye mfalme wa picha za maboksi. Picha zake ni kali: ndege inakuja nusu kukuelekea, bunduki zinatema moto, nyuma yake adui anavuta moshi. Zilikuwa picha za vita na hazikujificha. Ila hata kwake, kinachoungua mara nyingi ni mashine nyingine. Baadaye picha zake kadhaa zilirekebishwa, milipuko na moto vikafutwa, ndege zikabaki zikielea kwenye anga safi kama tangazo la shirika la usafiri. Nchini Ujerumani, ambako sheria inabana alama za Wanazi, swastika nayo huondolewa kwenye maboksi na stika. Sababu za sheria hiyo naziheshimu. Lakini ona kilichobaki kwenye rafu: Messerschmitt isiyo na moto, isiyo na adui, isiyo na alama, na bunduki zake zote ziko sawa. Kimebaki kitu kizuri cha kutazama.

Halafu inakuja kamera, na siku hizi kamera ndiyo mwisho wa safari, maana wengi wetu tutaziona modeli za wenzetu kwenye simu tu. Wapiga picha wa modeli wana kanuni zao. Ukipiga kitu kidogo kwa karibu, sehemu ndogo tu inakuwa kwenye fokasi, na jicho linajua mara moja: hiki ni kidude. Kwa hivyo unafunga lenzi hadi tundu dogo, unaweka kamera kwenye stendi, unaiacha ikusanye mwanga taratibu, na kila kitu kinatoka kikiwa wazi, kutoka mdomo wa mzinga hadi mti wa nyuma. Kanuni ya pili ni kushusha kamera hadi kimo cha macho ya mtu wa skeli hiyo. Kwa kifaru cha 1/35 lenzi inashuka hadi karibu sentimita tano kutoka mezani.

Simama hapo kidogo. Sentimita tano, mbele ya kifaru. Hiyo ni nafasi ya nani? Kwenye vita halisi, mtu aliyesimama mbele ya Panther kwa miguu, mzinga ukimwelekea, hakuwa mtalii. Kamera inatuweka mahali pa mtu anayekaribia kufa, halafu inatupa muda na mwanga wa kuhesabu nati. Picha nyingi za aina hii zinapata umbali sawa, pembe sawa, vivuli sawa. Zinachokosa ni hofu.

Kuna mtu aliyeliona hilo mapema, na alilitatua kwa kuvunja kanuni zote. Mwaka 1977 Mmarekani David Levinthal na rafiki yake wa Yale, Garry Trudeau, yule mchora katuni wa Doonesbury, walitoa kitabu cha picha kiitwacho Hitler Moves East. Mada yake ni uvamizi wa Ujerumani dhidi ya Muungano wa Sovieti, 1941 hadi 1943. Wanajeshi wote ni wa plastiki, vifaru ni modeli, theluji ni unga. Levinthal hakufunga lenzi. Aliiacha wazi, fokasi ikashika ukanda mwembamba tu, mwingine wote ukawa ukungu. Akasafisha picha kwa karatasi ya Kodalith iliyozipa chembechembe na rangi ya kahawia, kama kitu kilichookotwa kwenye mfuko wa marehemu.

Kwa kanuni zetu, picha hizo zilipaswa kuonekana za kitoto. Badala yake zinatisha. Ukitulia unajua kabisa ni plastiki, na bado tumbo linakaza. Nadhani sababu ni hii: mtu aliyekuwa vitani hakuona vizuri. Picha za Robert Capa za ufukwe wa Omaha, mwaka 1944, zimetikisika, na hakuna anayezidai nati na bolti. Levinthal hakuiga vita, aliiga jinsi vita vinavyoonekana na mtu aliye ndani yake. Modeli zake hazingepita raundi ya kwanza kwenye mashindano yoyote ya ujenzi, na zimesema mengi kuliko kabati zima la modeli zisizo na dosari.

Hata hivyo simpi alama zote. Tazama kichwa cha kitabu: anayesonga ni Hitler, anayeelekea mashariki, na sisi tunasonga naye. Baridi tunayoihisi ni baridi ya mvamizi. Vita hivyo viliua takriban watu milioni 27 wa Muungano wa Sovieti, raia wengi kuliko wanajeshi, na katika kitabu hicho kina cha hasara hiyo hakifikiwi. Levinthal mwenyewe alirudi kwenye enzi hiyo miaka ya 1990, katika mfululizo aliouita Mein Kampf, na safari hiyo waathiriwa wakawa mbele ya lenzi. Ukungu peke yake haukutosha. Ilibidi asogeze kamera.

Kusogeza kamera ndiko ninakotaka kufika, na fani yetu iliwahi kujua jinsi ya kufanya hivyo. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge modeli 500,000 za ndege, kwa skeli ya 1/72. Zilikuwa za mbao, zimepakwa rangi nyeusi tupu, hazina vioo wala alama. Kazi yake ilikuwa kufundisha wapiga mizinga, marubani na walinzi wa anga kuitambua ndege kwa umbo lake. Hesabu yake ni rahisi: modeli ya 1/72 iliyo umbali wa mita kumi inaonekana sawa na ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Modeli hizo hazikuwa na hata chembe ya kutu. Zilijengwa kwa ajili ya mtu aliyeinua shingo, mwenye swali moja tu: hiyo inayokuja, inakuja kuniua ama hapana?

Vita vikaisha, plastiki ikashuka bei, skeli ile ile ikahamia madukani. Mwaka 1953 Airfix ilitoa modeli yake ya kwanza ya ndege, Spitfire ya 1/72, ikauzwa kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za Kiingereza. Mwaka huo huo, kikosi kidogo cha ndege za Harvard za jeshi la anga la Uingereza kilianza kurusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, dhidi ya Mau Mau. Novemba zikaja Lincoln, ndege nzito za injini nne, zikirukia Eastleigh, uwanja ambao leo ni Moi Air Base. Mashambulizi yaliendelea hadi 1955. Sisemi kwamba mtoto wa London aliyegundisha mbawa za Spitfire yake alijua lolote kuhusu hayo. Nasema tu kwamba ndege zile zile zilikuwa na watazamaji wa aina mbili, na ni wa aina moja tu waliopewa boksi.

Chukua hiyo Harvard. Kwenye fani yetu inajulikana kama ndege ya shule. Maelfu ya marubani walijifunzia humo, na modeli zake nyingi utaziona za rangi ya njano, viti viwili, sura ya upole. Watu huijenga wakipumzika kutoka kwa ndege za kuua. Ile iliyoruka juu ya Nyandarua ilibeba mabomu madogo chini ya mbawa, kila moja kilo tisa hivi. Kwa skeli ya 1/72, bomu kama hilo lina ukubwa wa punje ya mchele. Ukitaka kuijenga Harvard ya Kenya, tofauti yote ya kihistoria kati ya darasa na silaha iko kwenye punje chache za mchele, na ziko chini, mahali ambapo rafu haikuonyeshi.

Aliyekuwa msituni hakuona kitu kingine zaidi ya hapo. Hakuona kioo cha rubani, hakuona alama za pembeni, wala kutu. Chini ya mianzi ya Nyandarua anga huonekana vipande vipande. Kwanza ni sauti, halafu pengine kivuli kati ya majani, halafu mabomu. Kumbukumbu za wapiganaji zinazisimulia ndege hizo, na si watu tu waliopigwa, wanyama pia. Na kumbuka tumbo la ndege nyingi za kivita hupakwa samawati au kijivu makusudi, ili lifanane na anga, aliye chini asilione. Sisi tunazichanganya rangi hizo kwa uangalifu mkubwa, tunabishana kama samawati ni nzito mno, halafu tunaugeuza upande huo uangalie ubao.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia mezani. La kwanza: bana, ni plastiki tu, tuache tupumzike. Sawa, pumzika. Lakini mtu anayetumia wiki tatu kutafuta kijani sahihi cha mwaka 1943 hawezi kuniambia kwamba historia haimhusu. Ameshasema inamhusu. Mimi namuuliza tu kwa nini imeishia kwenye rangi.

La pili ni zito zaidi: unataka nini sasa, tujaze maiti kwenye modeli? Hapana. Hilo limejaribiwa. Ndugu wawili wasanii wa Uingereza, Jake na Dinos Chapman, walijenga kazi iliyoitwa Hell, makabati tisa ya vioo yaliyopangwa kwa umbo la swastika, yamejaa maelfu ya vinyago vya wanajeshi na maiti na mateso. Iliungua kwenye moto wa ghala London mwaka 2004, wakaijenga upya, kubwa zaidi. Ni kazi ya kutisha, na ina ufundi wa kuogopesha. Lakini mtazamaji bado anazunguka kabati akitazama kutoka juu, akihesabu. Miili ikizidi inageuka kuwa matope mengine ya kuchakazia. Maiti zimeongezwa, mahali pa kusimama ni pale pale.

Kwa hivyo kipimo changu, nikiulizwa modeli fulani ni nzuri kiasi gani, kimeacha kuwa kutu peke yake. Nauliza imeniweka wapi. Na hapa naona watoto walitushinda kitambo. Watoto wa Uingereza waliojenga ndege za Airfix walizifunga uzi na kuzitundika kwenye dari ya chumba cha kulala. Wakilala wanaziona kutoka chini, zikizunguka kidogo dirisha likiwa wazi. Tulipokuwa watu wazima, wenye mashine ndogo za kupuliza rangi na taa za studio, tukazishusha tukazifungia kwenye vioo.

Zirudishwe juu. Tundika Harvard mita mbili juu ya macho yako, na kwa skeli ya 1/72 iko mita 144 hewani, mbawa zake upana wa kiganja kilichotanuliwa. Lincoln, yenye nusu mita kutoka ncha hadi ncha, inaziba taa. Paka tumbo kwa bidii ile ile uliyoipa mgongo. Weka mabomu. Halafu lala sakafuni na simu yako, usiwashe taa nyingi, weka majani fulani kati yako na ndege, hata sukuma ya dukani itafanya kazi, na upige ukiwa hujapata fokasi vizuri. Mwenzako akikuonyesha picha kumi za modeli yake mpya, zisifu zikistahili, halafu mwombe moja ya kutoka chini. Kama hana, hiyo ndege bado haijakamilika.